Kwa nini bawa la ndege ya jeti linalala nyuma? Tuelezane taratibu

FundiRibiti

Wakuu, habari za jioni. Jumapili nilimsindikiza dada yangu uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, nikawa na mpwa wangu wa kidato cha tatu. Tulisimama nje tukaona ATR, ile ndege ndogo ya abiria ya propela, inaondoka, na muda si mrefu ikafuata 787, jeti kubwa ya Boeing. Kijana akaniuliza, "Mjomba, mbona ile ya kwanza mabawa yamenyooka na hii yamelala nyuma?" Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi enzi za chuo: ili ikate hewa vizuri. Akaniangalia, akauliza, "Kwani ile ya kwanza haikati hewa?"

Swali lake lilinikaa rohoni njia nzima. Nimeshika spana kwenye ndege miaka mingi, najua jibu kamili, ila nilimpa mtoto jibu la mkato. Usiku nikamweka chini nikaanza upya, na leo naliweka hapa kwa sababu naamini wengi tumelishwa jibu hilohilo.

Tuanze na mwendo. Ndege kama 787 ikiwa juu, kwenye kimo cha mita 11,000 hivi, inatembea Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya mwendo wa sauti. Kule juu kuna baridi kali, na mwendo wa sauti hutegemea joto la hewa, kwa hiyo unashuka hadi kama kilomita 1,062 kwa saa. Ndege basi inakwenda kama 900. Haijafika mwendo wa sauti. Lakini bawa limebinuka juu, na hewa ikipita juu ya mbinuko ule inaongeza kasi. Ndege iko chini ya mwendo wa sauti, ila hewa iliyo mgongoni mwa bawa imeshaupita. Ikija kupunguza kasi ghafla huko nyuma linazaliwa wimbi la mshtuko, ukinzani unapanda kama ukuta, mafuta yanaisha, na bawa linaweza kuanza kutetemeka. ATR inakwenda kama kilomita 500 kwa saa. Haifiki kwenye shida hiyo hata kidogo, ndiyo maana mabawa yake yamenyooka na yako sawa kabisa.

Sasa tufanyeje ili ndege iende mbio na bawa lisijue? Hapo ndipo linapolazwa. Bawa linajali tu ile sehemu ya upepo inayolikata kwa upana, kutoka ukingo wa mbele kwenda ukingo wa nyuma. Upepo unaoteleza kwa urefu wa bawa haulinyanyui wala haupandishi kasi mgongoni mwake. Ukilaza bawa digrii 32 kama la 787, chukua 0.85 uzidishe kwa kosaini ya 32. Unapata kama 0.72. Ndege iko 0.85, bawa linahisi 0.72.

Kama hesabu haikukai, nenda jikoni. Chukua muhogo au karoti, kata kipande kwa kunyoosha kisu: unapata duara. Kata kingine mshazari: unapata umbo refu lililochongoka, lakini unene wa karoti ni uleule. Hewa inayopita juu ya bawa lililolala inalikuta hivyohivyo, inapita kwenye kilima kirefu chenye mwinuko mpole. Waliopanda barabara ya Lushoto wanajua: mlima ni uleule, ila barabara inaupanda kwa ubavu.

Kitu ninachotaka tukizungumze zaidi ni kwamba ujanja huu una gharama. Karibu kila kitu cha ajabu mnachokiona kwenye bawa la jeti kipo pale kulipa deni la kulilaza.

Tausi_TZ

Nimeweka kambi hapa. Kaka Fundi endelea, mimi huwa naomba kiti cha dirishani kila safari na sijawahi kujua ninachokiangalia.

MwalimuZamu

Heshima kwako Fundi. Nafundisha fizikia sekondari na mfano wa karoti nauchukua, kesho naingia nao darasani kidato cha nne. Swali langu: wanafunzi watauliza, huo upepo unaokwenda kwa urefu wa bawa haufanyi kitu kwa nini? Nikiwaambia ni kipengele cha vekta watanikubalia kwa mdomo tu.

FundiRibiti

Mwalimu, waletee beseni la maji na rula. Rula wasiilaze bapa, waiinamishe kidogo, kisha waivute kwa ubavu wake mrefu: wataona maji yanaisukuma juu. Halafu kwa mwinamo uleule waivute kwa urefu wake, ncha ikitangulia. Itateleza, maji hayana habari nayo ila msuguano kidogo. Wakishaona hivyo kwa mikono yao, waambie bawa lililolala linafanya yote mawili kwa wakati mmoja.

Ila waambie pia ukweli wote. Hesabu ya kosaini ni ya bawa refu lisilo na mwanzo wala mwisho. Bawa halisi lina shina linaloungana na mwili wa ndege na lina ncha, na sehemu hizo mbili hewa haipindi kama kitabu kinavyotaka. Faida halisi ni ndogo kuliko ile ya kwenye karatasi. Na unyanyuzi nao unapungua: kwa mwendo uleule, bawa la digrii 35 kwa hesabu hiyohiyo linabaki na kama theluthi mbili ya uwezo wa lililonyooka, kwa sababu kosaini inajizidisha yenyewe. Ndiyo sababu mnaona flapu kubwa nyuma na slati mbele, yaani vibao vya kuongeza unyanyuzi, zikifunguka wakati wa kutua. Bila hizo, jeti ingelazimika kutua kwa mwendo wa kutisha.

KaziKwako

Wakuu, tusisahau kwamba hili jambo ni la Wajerumani. Me 262, jeti yao ya kivita ya vita vya pili, ilikuwa na mabawa ya kulala nyuma, wengine wote waliiga pale.

MkongweMaktaba

KaziKwako, upo karibu na ukweli lakini Me 262 siyo mfano mzuri. Mabawa yake yalilala digrii 18.5 tu, na sababu ilikuwa uzito. Injini zilikuja nzito kuliko ilivyopangwa, kitovu cha uzito kikasogea, wakayapeleka mabawa nyuma ili ndege isawazike. Faida ya mwendo kwa digrii hizo ni kiduchu. Hata kabla ya vita vya kwanza, Mwingereza J. W. Dunne alishalaza mabawa. Ndege yake ya 1910 haikuwa na mkia, mabawa yalilala ili ncha zake zifanye kazi ya mkia. Alitafuta utulivu, mwendo haukuwa shida yake.

Wazo la kulaza bawa kwa ajili ya mwendo lilitoka Roma, mwaka 1935, kwenye mkutano wa Volta uliojadili ndege za mwendo mkubwa. Adolf Busemann, Mjerumani mwenye umri wa miaka 34, alisimama akaeleza hichohicho alichoeleza Fundi kuhusu kipengele cha upepo. Kwenye chakula cha jioni, Jenerali Crocco wa Italia alichora nyuma ya karatasi ya orodha ya vyakula ndege yenye mabawa ya kulala, akaiita ndege ya Busemann. Halafu wageni wakarudi makwao na wazo likalala. Ndege za wakati ule zilikuwa na propela, nani alikuwa na haja ya Mach 0.8?

Wajerumani peke yao ndio waliendelea nalo. Albert Betz kule Göttingen aliona kwamba linafaa hata chini ya mwendo wa sauti, na mwaka 1939 walikuwa wanalipima kwenye handaki la upepo. Marekani, Robert T. Jones wa NACA, taasisi ya serikali ya utafiti wa ndege, alilifikia kwa akili yake mwenyewe mwanzoni mwa 1945. Mwezi wa tano mwaka huohuo George Schairer wa Boeing, akiwa na msafara wa wanasayansi wa Marekani kwenye kituo cha utafiti cha Völkenrode, Ujerumani, akakuta takwimu za Wajerumani. Akaandika barua nyumbani kuwaeleza wenzake. Ndege ya kudondosha mabomu waliyokuwa wanaichora, yenye mabawa ya kunyooka, ikabadilishwa ikawa B-47.

Angalieni tarehe. XP-86, mfano wa kwanza wa ndege ya kivita ya Marekani F-86, iliruka 1 Oktoba 1947. B-47 iliruka 17 Desemba 1947. MiG-15, ndege ya kivita ya Wasovieti, iliruka 30 Desemba 1947. Zote tatu digrii 35, ndani ya miezi mitatu.

KaziKwako

Nimekubali mkuu, hapo kwenye Me 262 nilikuwa nimekaririshwa. Asante kwa kunisahihisha kwa staha.

Mkenya_Athi

Mimi nauliza hivi. Nimesoma MiG-15 ilikuwa na vibati vimesimama juu ya bawa, viwili kila upande. F-86 za mwanzo hazina. Zote digrii 35. Hivyo vibati ni vya nini?

FundiRibiti

Ndugu yangu wa Athi, umegusa deni kubwa kuliko yote.

Ile hewa inayogusa ngozi ya bawa kabisa imechoka, msuguano umeinyang'anya kasi. Kwenye bawa lililonyooka inaburuzwa nyuma na kutoka. Kwenye bawa lililolala, shinikizo halijakaa sawa kwa urefu wa bawa, hivyo hewa hii iliyochoka inavutwa kwenda pembeni, inajikusanya nchani. Halafu sehemu za ndani za bawa zinaupindisha upepo juu kidogo kabla haujafika kwenye ncha, kwa hiyo ncha inabebeshwa mzigo zaidi huku ndiyo yenye hewa mbovu. Rubani akiinua pua sana kwa mwendo mdogo, ncha ndizo zinazoachia kwanza. Marubani husema zimestoli, yaani zimepoteza unyanyuzi.

Sasa fikiria ncha ziko wapi. Bawa limelala, ncha ziko nyuma ya kitovu cha uzito. Nyuma kukikosa unyanyuzi, unyanyuzi unabaki mbele, na pua inapanda yenyewe. Pua ikipanda hali inazidi kuwa mbaya, na inapanda tena. Kwenye bawa lililonyooka, ndege ikistoli kwa kawaida pua inaanguka na ndege inajiokoa. Hapa inajimaliza. Aileroni, vile vibao vya nyuma ya bawa vya kuinamisha ndege kushoto au kulia, ziko hukohuko nchani, kwa hiyo wakati ndege inaanza kubiringika mikono ya rubani nayo imekuwa mitupu.

Tarehe 10 Januari 1956, pale kambi ya jeshi la anga ya Edwards huko California, F-100, ndege ya kivita yenye mabawa ya digrii 45 ilikuwa inatua. Pua ikapanda mno. Rubani akaongeza nguvu ya injini kujaribu kuiokoa, ndege ikawa inayumba huku na huku imesimama kwa mkia karibu na ardhi, kisha ikalala ubavu ikaanguka na kulipuka. Palikuwa na kamera siku hiyo, tukio lote liko kwenye filamu. Nilionyeshwa darasani nikiwa mwanafunzi, na mpaka leo nikikagua slati naikumbuka.

Vile vibati ni kuta. Vinaizuia hewa iliyochoka isitembee kwenda nchani. Mjerumani Wolfgang Liebe ndiye aliyeviwekea hataza mwaka 1938. MiG-17 iliyofuata ililazwa zaidi, ikawekewa vitatu kila upande. F-86 za mwanzo zilitumia njia nyingine: slati kwenye ukingo wa mbele, zinajifungua zenyewe mwendo ukipungua na kuipa hewa ya juu ya bawa nguvu mpya.

Jeti za abiria za leo hutumia slati, na juu ya hapo bawa linasokotwa. Ukikaa nyuma ya bawa, funga jicho moja uangalie kuelekea nchani. Utaona ncha imeinama mbele kidogo kuliko shina. Imewekwa hivyo makusudi, ili shina listoli kwanza na ncha ibaki hai.

Tausi_TZ

Nina safari wiki ijayo. Nitaangalia.

MwalimuZamu

Fundi, na kuyumba? Nilipanda jeti moja zamani, tukiwa juu nikahisi mkia unacheza kama mwendo wa nyoka, huku bawa moja likipanda na jingine likishuka. Hapakuwa na mawingu.

FundiRibiti

Mwalimu, siwezi kusema kwa hakika ulichokihisi, ila ulivyokieleza kinafanana na kitu kinachoitwa myumbo wa Kiholanzi. Nacho kinakuzwa na bawa kulala.

Chukua daftari lifungue liwe kama mabawa yaliyolala. Geuza pua kushoto kidogo. Bawa la kulia sasa limekuja mbele, linaukabili upepo karibu kwa kunyooka. La kushoto limezidi kulala. Kwa hiyo la kulia linanyanyua zaidi, linapanda. Lakini linapata pia ukinzani zaidi, linaivuta pua irudi kulia. Pua ikirudi inapitiliza, na zamu inahamia bawa la kushoto. Hivyo hivyo, huku na kule.

B-47 ilipata shida hiyo mapema, wakaiwekea kifaa cha kuhisi myumbo na kusukuma usukani wa mkia kinyume chake kabla rubani hajagusa kitu. Karibu kila jeti ya abiria ya leo unayopanda ina kifaa cha ukoo huo. Tarehe 19 Oktoba 1959, Boeing 707 ilikuwa kwenye safari ya mafunzo jimbo la Washington, wakionyesha jinsi ya kutoka kwenye myumbo huo. Ukazidi mipaka. Injini tatu kati ya nne ziling'oka kwenye mabawa. Kati ya watu wanane waliokuwemo, wanne walifariki. Waingereza nao, kabla ya kuikubali 707 kwao, walidai irekebishwe, na mkia wa wima ukaongezwa kimo, na pezi dogo likawekwa chini yake.

Mkenya_Athi

Kama madeni ni mengi hivi, mbona wasilaze mbele? Ncha zikiwa mbele, hewa iliyochoka itakwenda shinani.

MkongweMaktaba

Walijaribu, na hoja yako ndiyo iliyowavuta. Junkers Ju 287 ya Wajerumani iliruka Agosti 1944 na mabawa ya kulala mbele. Shida ni kupinda. Bawa la kulala nyuma likipinda juu kwa upepo, ncha inainama yenyewe, mzigo unapungua, linatulia. La kulala mbele likipinda, ncha inainuka, mzigo unaongezeka, linapinda zaidi, mpaka livunjike. Ukilitengeneza kwa chuma cha kuzuia hayo linakuwa zito mno. Wamarekani walirudi tena na X-29, iliyoruka 14 Desemba 1984, ikiwa na bawa la nyuzi za kaboni zilizopangwa mshazari ili lisisokoteke kwa ubaya. Iliruka vizuri, na kompyuta zikaishikilia muda wote kwa sababu yenyewe haikuwa na utulivu. Kwa ndege ya abiria sioni faida inayolipa ghasia hiyo.

Sharubu

Mbona 747 ililala digrii 37.5 na hizi mpya zimepungua? Teknolojia imerudi nyuma?

FundiRibiti

Imekwenda mbele, Sharubu. Richard Whitcomb wa NASA alibadilisha umbo la bawa lenyewe, mgongo ukawa bapa zaidi na tumbo likabinuka karibu na ukingo wa nyuma. Hewa mgongoni haikimbii sana, wimbi la mshtuko linakuja baadaye na likiwa dhaifu. Ukiwa na bawa kama hilo unafika Mach ileile kwa kulilaza kidogo, na kila digrii unayoinyoosha inakupunguzia deni: unyanyuzi zaidi wakati wa kutua, uzito mdogo, ncha salama zaidi. 737, inayokwenda taratibu kidogo kuliko 747, imelala digrii 25 tu.

Na nieleze deni moja ambalo abiria halioni. Mafuta yamo ndani ya bawa. Nimeingia kwenye tangi la bawa nikitambaa kwa kiwiko, tochi mdomoni, harufu ya mafuta ya taa inakuchoma koo hata baada ya kupeperushwa. Ndani kuna mbavu za bawa, kila mbavu ina matundu, na baadhi ya matundu ya chini yana vilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu, kuelekea mwilini mwa ndege. Ukikisukuma kwa kidole upande huu kinakubali, upande ule kinagoma, kama vali za moyo. Bawa limelala, kwa hiyo mafuta yakimiminika kwenda nchani yanakwenda pia nyuma, na kitovu cha uzito cha ndege nzima kinasogea. Vilango vile vinayazuia, na vinayaweka karibu na pampu. Nikikuta kimoja kimekwama, kazi inasimama hapo mpaka kibadilishwe.

Tausi_TZ

Nimerudi na ripoti. 777, Dar kwenda Dubai, kiti cha nyuma ya bawa. Nimefunga jicho moja, kaka Fundi, nimeiona ncha ilivyoinama! Ila kuna kitu sikielewi. Tukiwa juu, kipande cha nyuma ya bawa karibu na injini kilikuwa kinachezacheza muda wote. Kile cha mbali karibu na ncha kilikaa kimya saa zote, nikadhani kimeharibika. Tulipokuwa tunajiandaa kutua nacho kikaanza kucheza.

FundiRibiti

Dada Tausi, hakijaharibika, na umeangalia vizuri kuliko abiria wengi. Cha mbali ni aileroni ya nje. Bawa la kulala ni refu na linasokoteka. Kwa mwendo mkubwa, aileroni ya nchani ikishuka ili kunyanyua bawa, upepo unaoikandamiza unalisokota bawa zima ukingo wa mbele uiname, na bawa linashuka badala ya kupanda. B-47 ilikuwa hivyo: ukipita mwendo fulani ukiwa kwenye kimo cha chini, ukigeuza usukani kulia ndege inataka kwenda kushoto. Kwa hiyo kwenye 777 aileroni ya nje inafungwa mwendo ukiwa mkubwa, kazi inafanywa na kile kipande cha karibu na injini, ambako bawa ni nene na halisokoteki kirahisi. Mwendo ukipungua inafunguliwa tena, kwa sababu hapo ndipo unapoihitaji.

Ukirudi Dar, kaa tena kiti hicho. Ndege ikishaanza kuteremka na flapu zikatoka, iangalie ile ya nje.

Tausi_TZ

Narudi tarehe 14. Nimeshachagua kiti.